Nyonga mbili za mama, na ile ganzi ya paja

Mama yangu kavunja nyonga zote mbili. Ya kushoto mwezi wa nane 2019, ya kulia mwezi wa pili 2023. Mwili uleule, mama yuleyule, operesheni ileile kasoro upande tu, lakini usiku wa kwanza baada ya operesheni haukufanana hata chembe, na hilo ndo jambo lililonikaa kifuani miaka yote hii mpaka leo nimekaa kuliandika, maana kila nikimsimulia mtu ananijibu "aah, sasa mtu kakatwa mfupa hataumwa?" Ataumwa. Ila hatakiwi kuumwa vile.

Nianze na ile ya 2019.

Mama alikuwa na miaka 73, anaishi kwa kaka yangu Mbagala. Mtu wa Pangani yule, anaamka kabla ya muadhini. Siku hiyo kaingia bafuni kutawadha, sakafu ina maji, ndala ikateleza, akakaa chini kwa upande. Wala haikuwa anguko la kishindo, wifi anasema alisikia tu kama mtu kaweka ndoo. Wengi tunadhani nyonga inavunjika kwa ajali ya bodaboda au kudondoka mnazini, kumbe kwa mwanamke wa umri ule ambae mifupa imeshakuwa myepesi, kukaa chini vibaya tu kunatosha. Mguu ukawa mfupi na unyayo umelalia nje. Hiyo naomba mtu aishike: mzee akianguka, ukaona mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzie na kidole gumba kinaangalia pembeni, msimkande, msimwite mtu wa kunyoosha, huyo kavunjika, abebwe taratibu apelekwe hospitali.

Hospitali ya kwanza siitaji na sina nia ya kuitaja, manesi walikuwa wawili kwa wodi nzima na nawaombea dua mpaka leo. Alilala pale siku 6 kabla ya kuingia thieta. Siku 6 na mfupa wa paja umekatika shingoni. Dawa ya maumivu ilikuwa Panadol, sindano ya diklofenaki ya kalioni asubuhi na jioni, na usiku ukiwa mbaya sana pethidini. Akilala kimya kabisa alikuwa anavumilia. Tatizo ni kusogezwa. Kubadilishwa shuka, kuwekewa beseni la haja, kupelekwa eksirei, kila kitu kinaanza na kumgeuza, na kila akigeuzwa anashika nondo ya kitanda mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Kelele hapigi. Daktari wa raundi anapita anauliza "bibi unaendeleaje?" anajibu "alhamdulillah", basi daktari anaandika kwenye faili mgonjwa yupo vizuri anaenda kitanda kinachofuata. Mi nipo pale pembeni, nimesoma mpaka chuo, na sikusema kitu. Nilidhani ndo inavyokuwa.

Siku ya operesheni walimpiga sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Sindano nzuri sana ile, ipo tangu 1898, daktari wa Kijerumani August Bier ndo aliyeianza, na kwa wazee wengi inawaepusha na nusu kaputi. Lakini ili uchomwe mgongo inabidi ukae, uinamishe mgongo kama kamba wa baharini, au ulale ubavu umejikunja. Hebu fikiria mtu aliyevunjika nyonga anakalishwa kitako juu ya meza nyembamba. Nilikuwa nje ya mlango. Mama yangu kazaa watoto 6, wa mwisho kamzaa nyumbani, na yule mkunga wa Pangani alikuwa akimsifia mtaa mzima kwamba hakumsikia hata akiguna. Siku ile nilimsikia.

Wakatoa kichwa cha mfupa kilichovunjika wakamwekea cha chuma, operesheni yenyewe ikaenda vizuri. Baada ya masaa kama matatu ganzi ya mgongo ikaisha, na hapo usiku ndo unaingia. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba nilipokuja kufua khanga zake wiki iliyofuata nilikuta moja ina matundu kwenye pindo, madogomadogo yamejipanga, nikadhani panya. Yalikuwa meno yake.

Usiku wa pili akaanza kuweweseka. Akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akawa anataka kushuka kitandani awahi jahazi. Tukaogopa tukasema mama kaharibikiwa akili. Baadae sana ndo nikaja kusoma kwamba kuchanganyikiwa vile kwa wazee waliovunjika nyonga ni jambo linalojulikana kabisa, linachochewa na maumivu yasiyotulizwa, kukosa usingizi, kukaukiwa maji, na pia na dawa zenyewe hasa pethidini, ambayo wazee haiwafai kwa sababu hiyohiyo. Yani dawa tuliyokuwa tunaiomba kwa machozi usiku ilikuwa sehemu ya shida. Kusimama alisimama siku ya 9. Katikati hapo kifua kilimbana akawekwa kwenye antibayotiki, na siwezi kusema maumivu peke yake ndo yalimletea kifua, ila mtu asiyethubutu kukaa hawezi kuvuta pumzi ndefu wala kukohoa vizuri, na mapafu yanataka vyote viwili.

Alipona. Miezi minne akawa anatembea na fimbo, maisha yakarudi.

Sasa 2023. Safari hii kapitiwa na kizunguzungu jikoni, upande wa kulia, na nilivyoona mguu tu nikajua. Kwenye gari hatukuongea. Tulienda hospitali nyingine, karibu zaidi na kwangu, na nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Tukiwa bado mapokezi ya dharura, hata kitanda cha wodini hatujapewa, akaja daktari wa usingizi, dada mdogo tu, kavaa nguo za thieta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi unaumwa sana?"

"Namshukuru Mungu."

Nikamwambia daktari, huyu hatakwambia. Akasema anajua, kaona uso wake walipomhamisha kutoka kwenye machela. Alafu akamuuliza mama swali ambalo 2019 hakuna aliyemuuliza kwa siku zote zile: "Bibi, ukitulia hivi hivi maumivu yakoje, na ukisogezwa je?" Mama akanyamaza kidogo. Akasema, "Nikisogezwa bora nife." Sijawahi kumsikia akisema vile.

Basi akaeleza. Anataka kumpa ganzi ya mguu, bloku wanaiita wao, kwenye mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu ya nyonga, hapohapo kitandani, mama amelala chali hivyohivyo bila kugeuzwa. Akaleta mashine ya altrasaundi, ileile aina ya kupimia wajawazito ila kidude cha kupitisha mwilini ni kingine, bapa. Akapaka jeli juu ya paja karibu na mkunjo, akanionyesha kwenye skrini: huu mshipa wa damu unadunda, hapa pembeni yake neva, yani huo mshipa wa fahamu, na huu mstari mweupe ni utando. Ukishawahi kuchuna paja la mbuzi unaujua, ule utando mweupe unaong'aa unaofunika nyama. Dawa haichomwi ndani ya neva, inamwagwa chini ya utando, nayo inatambaa yenyewe mpaka inazifikia neva. Ndo maana wanatumia maji mengi, kwa mama ilikuwa mililita 40 za dawa iliyozimuliwa. Nikashtuka, 40 nyingi! Akanipigia hesabu: dawa ni bupivakaini, nguvu asilimia 0.25, yani kila mililita ina miligramu 2 na nusu, jumla 100. Mama ana kilo 52, na yeye kwa mzee havuki miligramu 2 kwa kilo, kwahiyo mwisho wake ni 104. Tupo ndani. Nilipenda sana vile alivyonipigia ile hesabu badala ya kuniambia "usijali".

Hiyo wanaiita bloku ya fasia iliaka. Baada ya nusu saa hivi wakaja kumpeleka eksirei. Mama akaanza kutafuta nondo ya kushika kwa mazoea, wakamnyanyua, na mkono ukabaki hewani. Akanitazama. Akaniambia, "Mbona wamenibeba kama mtoto?"

Nikatoka nje nikalia.

Operesheni ilikuwa kesho yake. Asubuhi kabla ya sindano ya mgongo yule daktari akampiga ganzi nyingine mahali tofauti kidogo, ndani zaidi, karibu na mfupa wenyewe chini ya ukano wa msuli, mililita 20 tu. Hii inaitwa PENG, kifupi cha Kiingereza cha kundi la neva zinazozunguka mfuko wa kiungo, na ni mpya, waliielezea kwa mara ya kwanza madaktari wa Toronto, Canada, mwaka 2018. Ile ya utando ni ya zamani zaidi, wenyewe ni Dalens na wenzie Ufaransa 1989, walikuwa wanaifanya kwa watoto. Tofauti yake nilivyoielewa mimi ni hii: nyonga inahudumiwa na neva kadhaa, mbele kuna ya femorali, upande wa ndani wa paja kuna ya obturata, nje kuna nyembamba ya kuhisi ngozi tu, na nyuma ile kubwa ya siatiki. Maumivu mengi ya kiungo yanatoka upande wa mbele wa mfuko unaokifunga. Sasa ukiifunga femorali yote maumivu yanapungua kweli, lakini ndo neva hiyohiyo inayoendesha misuli ya mbele ya paja inayonyoosha goti, kwahiyo mgonjwa anajisikia mzima anataka kwenda chooni, goti linakunjika, anadondoka tena. PENG inavizia vile vitawi vinavyoingia kwenye kiungo tu, mguu unabaki na nguvu zake kwa kiasi kikubwa. Ina upungufu wake, ngozi ya pale kisu kilipopita haiigusi, kwahiyo kidonda chenyewe bado kinawaka, na wengine wanaongezea sindano ndogo kwa ajili hiyo au daktari wa upasuaji anamwaga ganzi kidondani.

Kule thieta alikaa kitako kwa ajili ya sindano ya mgongo huku anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya kawaida. Nesi alikuja kunambia mwenyewe, maana alishazoea kuona wagonjwa wa nyonga wanashikwa na watu wanne.

Usiku ukaingia. Nilikaa macho nayasubiri maumivu. Saa 2, saa 3, saa 4, mama analalamikia chai ya hospitali. Daktari alikuwa ameshatuonya kitu kimoja na akakirudia mara tatu, nami nakirudia hapa kwa sababu watu wengi wanajikwaa hapo: ganzi itaisha, na ikiisha inaisha kwa ghafla, mtu alikuwa hasikii kitu alafu maumivu yote yanamjia pamoja katikati ya usiku wakati wodi haina mtu. Kwahiyo dawa za kumeza au za dripu zianze mapema, wakati mgonjwa bado yupo poa, parasetamoli gramu 1 kila baada ya masaa 6, isirukwe hata akisema haumwi. Na mofini kidogo iwe imeandikwa kwenye faili kabisa, nesi asianze kumtafuta daktari saa 8 usiku. Nikaweka alamu kwenye simu. Kwenye saa 8 na kitu akaanza kukunja uso, nikamwita nesi, akapewa kidogo, akalala mpaka adhana.

Asubuhi wa mazoezi wakaja na ile woka ya chuma. Akasimama. Siku moja baada ya operesheni, mama yangu, miaka 76, akasimama kwa miguu yake akapiga hatua 4 mpaka kwenye kiti, akaomba uji na khanga safi. Kuweweseka hakuweweseka. Jina langu alilijua muda wote.

Jioni yake ndo akaniuliza. Alikuwa anaangalia dirishani. "Kwani hii dawa, ile mara ya kwanza ilikuwa haijaja?"

Sikuweza kumjibu. Ilikuwa imeshakuja. Ilikuwa na miaka 30.

Hapo ndo nikaanza kusoma kama mwehu. Nisiwachoshe, ila mawili matatu lazima niyaseme. Mwaka 2020 wale wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyachambua kwa pamoja, walitoa uchambuzi wa bloku kwa waliovunjika nyonga: maumivu ya kusogezwa yanapungua ndani ya nusu saa, wanaochanganyikiwa wanakuwa wachache, inaelekea na nimonia inapungua, na watu wanawahi kusimama. Nilisoma nikaona kama wameandika habari za mama yangu, kitanda cha kwanza na cha pili. Uingereza wao mwongozo wao wa nyonga wa 2011 ulishaitaja bloku pale ambapo parasetamoli na mofini hazitoshi, na ukasema pia jambo la maana sana, kwamba bloku isifanywe kisingizio cha kuchelewesha operesheni. Kweli kabisa. Ganzi haiungi mfupa. Mtu asije akafurahi mzee katulia akamlaza wiki mbili.

Sasa kwanini haifanyiki kila mahali? Nimeshaulizwa, na jibu rahisi la "hatuna hela" silikubali lote. Bupivakaini imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu na kila thieta inayopiga sindano ya mgongo inaifahamu, ya mgongoni huwa ile nzito iliyotiwa sukari na ya bloku ni ile ya kawaida, lakini dawa ni hiyohiyo moja. Altrasaundi ipo, imekaa upande wa wajawazito. Na hata isipokuwepo, fasia iliaka inaweza kufanyika bila mashine: unashika mfupa wa mbele wa nyonga unaochomoza, unashika mfupa wa kinena, unachora mstari katikati, unaugawa mara tatu, pale theluthi ya nje inapoishia unashuka sentimita 1, unaingiza sindano butu, unasikia mkononi "tap" ya utando wa kwanza, kisha "tap" ya pili, hapo unamwaga dawa. Ndivyo walivyokuwa wanafanya kabla ya skrini. Uingereza wapo manesi waliofundishwa wanaoifanya palepale dharura. Kinachokosekana kwetu zaidi ni watu na muda. Ganzi nyingi huku kwetu zinatolewa na manesi na maofisa waliosomea usingizi, wako wachache, wanakimbia kutoka operesheni ya uzazi kwenda operesheni ya uzazi, nani atapata nusu saa ya kwenda kumshughulikia bibi wa wodi ya mifupa ambae tena kasema alhamdulillah? Mi siwalaumu hata kidogo. Nawalaumu zaidi waliozoea, na mimi nimo, tuliozoea kwamba mzee akivunjika nyonga kazi yake ni kuvumilia.

Na hatari zipo, msije mkasema nimeficha. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya au ikizidi kipimo, mgonjwa anahisi ladha ya chuma mdomoni, midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, anaweza kupata degedege na moyo kusimama. Ndo maana yule daktari alikuwa anavuta sindano kuangalia damu kila baada ya mililita chache huku anamuuliza mama "bibi mdomoni unasikia ladha gani?", na ndo maana mashine ya moyo na presha zilikuwa zimeshafungwa kabla hajagusa paja. Kuna dawa ya kuokoa, yale mafuta meupe ya dripu ya asilimia 20, sehemu inayofanya bloku inatakiwa iwe nayo. Neva kuumia kunatokea mara chache sana. Mwenye dawa za kuyeyusha damu aseme mapema. Na mgonjwa asiteremke kitandani peke yake mpaka wa mazoezi ampime nguvu za goti, hata akijiona mzima kama mama alivyojiona.

Mwezi uliopita jirani yangu alinipigia saa 5 usiku, baba yake kaanguka kwenye ngazi za msikiti. Nikamuuliza mguu ukoje, akasema mfupi. Nikavaa nikaenda nao. Hospitali ndogo, altrasaundi imefungiwa mpaka asubuhi mwenye funguo kaondoka. Wa usingizi aliyekuwa zamu alikuwa mtu mzima, mvi kichwa kizima. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu, baba, ile ya tap mbili inawezekana? Akanitazama muda. Akauliza nani kakwambia mambo ya tap mbili. Nikamwambia mama yangu kavunja nyonga mbili. Akasema nilipokuwa wilayani nilikuwa naifanya sana, hapa hakuna anayeniomba. Akamuuliza mzee uzito wake, mzee hajui, wakakadiria akaandika hesabu kwenye boksi la glavu. Wakamfunga mashine ya presha. Alafu akainama juu ya paja la mzee na tochi ya simu yangu, kidole kimoja kwenye mfupa wa nyonga, kingine kinenani, akawa anaugawa ule mstari taratibu, mara tatu.